Kinachobaki ni Mvua

Mjukuu wangu alinikuta nyumbani, kijijini Ziwa, wakati mahindi yalikuwa yameanikwa uani, chakula chetu cha mwaka mzima juu ya turubai mbili. Yeye anasomea uchoraji huko Eldoret mjini. Majirani waliopoteza mahindi kwa mvua ya wakati wa kuvuna nawakumbuka wote kwa majina, lakini hapa siwataji.

Alikuja na picha ya Wajapani, ile ya kuchapwa kwa ubao. Watu wamevaa kofia za majani, wanakimbia barabarani wameinama, na juu yao kuna weusi mzito kama blanketi. Mvua yenyewe ni mistari tu, myembamba, mingi, imeegemea upande mmoja. Uso hata mmoja huoni.

"Hawa wanakimbilia wapi?"

"Sijui, Gogo," akanijibu; kwetu nyanya ndiye Gogo. "Nyumba haikuchorwa."

Sikuipenda hiyo. Kwetu mahindi yakiwa nje, mvua hatuitaji. Tunasema "yule mgeni". Na huyu ameketi mlangoni na kisu, anaiga picha ile, anamchonga mgeni mwenyewe kwenye ubao!

"Unachimba mistari?"

"Hapana, nachimba katikati yake. Natoa kila kitu, inabaki mvua."

"Kila kitu? Wewe msichana, si ungechora ng'ombe?"

Akacheka. "Ng'ombe nitachora nikianza kukamua, Gogo."

Akapaka wino, akalaza karatasi, akaisugua na mgongo wa mwiko wangu. Alipoibandua, kuku walikuwa wanaingia jikoni wenyewe, na bado ni mchana. Upepo ulikuwa umenyamaza. Miaka yangu yote mvua nimeijua kwa sikio, ikigonga mabati. Siku hiyo niliiona kwanza: mistari, imesimama juu ya shamba la jirani, inakuja.

"Shika turubai!"

Tulivuta, tukakunja, tukabeba kwa karai, yeye na wino wake vidoleni. Karibu nusu ililowa kabla hatujafika mlangoni. Viti tulivitupa nje, mahindi tukayamwaga sebuleni.

"Tumeokoa, Gogo," akasema akihema.

Lakini mahindi yaliyolowa yakirundikwa hushika joto, halafu ukungu, na ukungu wa mahindi huua watu. Kesho yake jua halikutoka, na yule mgeni hakuondoka. Niliingiza mkono katikati ya lundo mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto.

"Iko aje?" akaniuliza.

Nikamwambia afungue madirisha yote.