Siku Kiptum Alipopanda Mgrevilia

Kiptum wa Silibwet alikuwa na chai yake, ng'ombe wake wa maziwa, mke wake Fancy na watoto wanne, na alikuwa na woga mmoja ambao hakuwahi kumwambia mtu. Aliogopa kupanda mti. Haukuwa ule woga wa kusita kidogo kisha ukapita. Akiinua tu macho kutazama kilele, viganja vilimtoka jasho, hata akiwa amesimama zake uani na kikombe cha chai mkononi.

Ulianza utotoni. Babake alikuwa juu ya mgrevilia, mti mrefu wa kivuli na mbao, akipunguza matawi, miguu mitupu, panga mkononi, na Kiptum chini akikusanya kuni. Watu wa huku wakipogoa mgrevilia hawakati tawi likaisha kabisa. Huacha kipande cha urefu wa kiganja kwenye shina, ili mwakani kiwe kidato cha kupandia. Ni werevu, mpaka kipande kioze. Kiptum alisikia mlio mdogo wa kijiti kuvunjika, kisha kishindo. Babake hakufa. Aliishi miaka mingi akiwa chali kitandani, akilishwa na kugeuzwa, na mgeuzaji alikuwa Kiptum. Anayedhani jambo kama hilo husahaulika hajawahi kumgeuza mtu mzima.

Lakini angemwambia nani? Kijana wa Kipsigis akitahiriwa hatakiwi hata kupepesa jicho, na Kiptum hakupepesa. Aliyesimama kando yake siku hiyo ni Noah, jirani yake, na tangu hapo wakawa watu wa rika moja, wa kusaidiana kazi na kutaniana bila huruma. Mwanamume aliyepita pale harudi baadaye akasema anaogopa mti. Basi kila mwaka Kiptum alikuwa na kisingizio: mgongo unauma, panga ni butu, chai imeiva haingoji.

Mvua za Elinino ndizo zilizommalizia visingizio. Zilinyesha mpaka udongo ukawa uji, na zilipotulia, mapema mwaka wa tisini na nane, ule mgrevilia mkubwa nyuma ya nyumba ulikuwa umeinamia paa. Ng'ambo ya mto, mti kama huo ulikuwa umeangukia jiko la watu. Kuukata wote hakukuwezekana, kwani ungelala palepale juu ya mabati. Ilibidi kwanza upunguzwe matawi ya upande wa nyumba, kutoka juu, kabla mvua ndefu hazijaanza.

"Baba Cherono," Fancy alimwambia, "watoto wanalala chini ya huo mti. Upepo ukivuma mimi silali."

"Hata mimi silali," alisema Kiptum, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Akaenda Litein, kwenye duka la vifaa la Kebaso, Mkisii mwenye maneno mengi.

"Panga si uko nalo nyumbani?" Kebaso aliuliza.

"Panga linataka urushe mkono, na mwili unaufuata. Nataka kitu nikate na mkono mmoja, huo mwingine ushike mti."

Kebaso akamtolea msumeno wa upinde. Kiptum akaujaribu kwenye ubao, akauliza kama meno yake hukwama kwenye mti mbichi. Gambuti alizikataa kwa sababu soli zake huteleza kwenye gome lenye maji, akachukua raba za turubai. Akachukua glavu, na miwani ya plastiki ya mafundi wa mbao, kwa kuwa vumbi la msumeno likiingia jichoni mtu hufumba macho, na kufumba macho kule juu alikuogopa kuliko kitu chochote. Kamba ya katani aliirudisha, akisema ikilowa huoza kwa ndani bila mtu kujua. Akataka ya nailoni. Aliifunga kwenye nguzo ya duka, akajilegeza nayo kwa uzito wake wote huku wateja wakimtazama.

"Hiyo inabeba fahali," Kebaso alisema.

"Fahali haanguki kutoka juu."

"Mzee, unaenda kukata matawi ama unaenda kupanda Mlima Kenya?" Lakini alipoona Kiptum hacheki, alimshushia kofia ngumu ya manjano, ile ya wajenzi. "Chukua na hii. Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Kiptum alishtuka. Alidhani moyo wake umesomwa mbele za watu. Alilipa haraka, akatoka bila kuaga.

Watu wa rika walikuja Jumamosi asubuhi, Noah na wengine watatu, kuvuta matawi yatakapoanguka. Walimkuta Kiptum amevaa kila kitu, kamba imemzunguka kiuno na kofia imemfunika mpaka nyusi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Wewe Kiptum, hiyo kofia ni ya nini?" Noah aliuliza. "Mti utakutupia mawe? Na hiyo kamba, ni ndama anapelekwa dip kuogeshwa?"

"Ni ya usalama tu."

"Usalama wa nani? Babu zetu walipanda na panga kiunoni. Ama tumwite mama Cherono apande, wewe ukae na watoto?"

Huo ulikuwa utani wa kawaida wa rika. Angejibu utani kwa utani, yangekwisha. Lakini mwenye siri husikia shutuma hata pale pasipo na shutuma, na Kiptum alijipiga moyo konde kijinga kabisa. Akavua kofia, akafungua kamba, akavua miwani na glavu, akaviweka vyote kwenye nyasi. Akashika msumeno peke yake, akaanza kupanda kwa vile vidato vya matawi ya zamani. Fancy alikuwa mlangoni. Alivitazama vile vitu kwenye nyasi, na mkono ukamwenda mdomoni.

Vidato vya chini vilikuwa vigumu. Kiptum alihesabu pumzi zake tu, macho kwenye gome. Alipolifikia tawi la kwanza la upande wa nyumba, alilikata kwanza kwa chini kidogo ili lisichanike na kuvuta gome, kisha kwa juu, likaanguka kando ya ukuta. Wenzake walishangilia. Akapanda tena. Sasa alikuwa juu ya paa, na upepo ambao chini haukuwepo ulikuwepo huku, na shina lilikuwa likienda na kurudi.

Akakanyaga kidato kingine. Kikatoa mlio mdogo wa kijiti kuvunjika.

Mguu ulining'inia hewani. Alikumbatia shina kwa mikono yote miwili, msumeno ukaanguka ukagonga mabati, na kutoka hapo mwili wake ulikataa amri. Alijaribu kushusha mguu mmoja, haukusogea. Vidole vilikuwa vikifa ganzi kimoja kimoja, naye alijua vikifa vyote itakuwaje. Aliona kitanda. Alimwona Cherono, binti yake wa kwanza, akimgeuza ubavu wa kushoto, akimgeuza ubavu wa kulia, mwaka hadi mwaka, mpaka wachumba wakome kuja.

"Nileteeni kamba," alisema. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, na safari hii walimsikia mpaka kwa majirani. "Nileteeni kamba. Naogopa."

Hakuna aliyecheka. Akasikia mtu anapanda. Alikuwa Noah, kamba begani, na ile kofia ya manjano kichwani bila kuombwa na mtu. Alipanda akijaribu kila kidato kwa mkono kabla ya kukikanyaga. Alipofika, alipitisha kamba juu ya tawi nene lililogawanyika, akamfunga Kiptum kifuani, na ncha ya pili akawashushia wenzake. Kiptum alihisi shina linatetemeka kifuani mwake. Alidhani ni yeye, kumbe ni magoti ya Noah.

"Usiwaambie," Noah alinong'ona.

Waliokuwa chini walimteremsha Kiptum polepole. Fancy alimshika kabla miguu haijagusa nyasi vizuri, akamfungua kamba, akisema jina lake tu. Kule juu Noah alikuwa amelikumbatia shina, hapandi hashuki.

"Noah," Kiptum aliita, "vuta kamba ujifunge."

"Siitaki. Nitashuka tu."

Lakini hakushuka. Wale wengine watatu wakaanza kutazamana, na mmoja midomo yake ilishaanza kwenda pembeni kwa kicheko. Kiptum alimwona. Akamsogeza Fancy kando taratibu, akasimama chini ya mti akiinua uso, na akaongea kwa sauti ya kusikika na wote.

"Jifunge, Noah, tafadhali. Si wewe, ni mimi. Nikikuona huko juu bila kamba naogopa sana."

Noah akavuta kamba, akajifunga.