Mushagalusa, Kibarua Namba 112

Ilitangazwa rasmi, kwa redio na kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi, kwamba kuanzia mwaka ule wa 1972 kila mwananchi wa Zaïre atayatupa majina ya kigeni na kurudia majina halisi ya mababu zake, ili mkoloni asibaki hata midomoni mwa watu.

Firmin Mushagalusa, mwalimu wa darasa la tano huko Cimpunda, alipiga makofi, tena si kwa unafiki. Lile Firmin lilikuwa limemchosha tangu ubatizo. Jumapili akaenda Nyantende kwa shangazi yake Agathe, binti mkubwa wa babu, au nkambo kama wasemavyo kwao, kuuliza asili ya hilo jina lingine, aje ofisini kifua mbele.

"Mushagalusa?" shangazi akasema, akiendelea kupukuchua maharagwe. "Ile haikukuwaka jina ya nkambo yako. Ni ya mutu wa kule mulimani, alikimbiaka kazi ya shamba ya kwinini siku ya tatu. Kapita, musimamizi wa vibarua, akaogopa muzungu ataona mutu mumoja anakosa, akakamata nkambo yako mu njia, anatoka kutafuta chumvi. Akamuambia: kuanzia leo, wakiita Mushagalusa, unaitika. Akaitika miaka kumi na kenda."

"Na jina ya nkambo mwenyewe?"

"Bulonza. Nyumbani tulimuitaka Bulonza mpaka tukamuzika."

Firmin alihisi masikio yakiwaka moto. Kwa mila ya kwao kila mtoto alizaliwa na jina lake. Baba hakumwachia mwana jina kama anavyomwachia shamba la migomba. Lakini baba yake alipopelekwa shule ya misheni, padri alidai jina la familia, akalikuta kwenye orodha ya vibarua. Hivyo vizazi vitatu vikaitikia jina la mtu ambaye sifa yake pekee ilikuwa akili ya kukimbia mapema.

"Tutamurudishia yake," akasema. "Sheria iko yetu sasa."

Jumatatu walikuwa ofisini, shangazi akiwa shahidi. Karani, ambaye suti yake ya abacost ilinyooka kuliko faili zake, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kabatini kitabu kikubwa.

"Citoyen, Bulonza hayuko. Lakini Mushagalusa huyu hapa: kibarua namba 112, kutoka trente-six mpaka cinquante-cinq, miaka kumi na kenda. Ndiye nkambo yako."

"Huyo alikimbia!"

"Kitabu haiseme alikimbia."

"Kitabu ni ya muzungu!"

"Ndiyo maana iko propre, haina doa."

Shangazi akainuka. "Weye, papa, mama yako ulimujulia mu papier gani?"

Benchi zima la waliosubiri zamu likaangua kicheko. Karani akachovya mhuri kwenye wino. "Maman, mudomo haiko preuve, ushahidi ni kitabu."

Firmin alipiga meza. Alimtaka chef, mkubwa wa ofisi, akaambiwa chef yuko kwenye gwaride la kushangilia majina ya mababu. Alikataa kutia sahihi. Akakumbushwa kwamba mwalimu asiye na kitambulisho kipya haingii darasani. Akatia sahihi, kalamu ikitoboa karatasi. Shangazi aligeuza uso ukutani.

Firmin likafutwa, kwa kuwa ni la kigeni. Mushagalusa likabaki. Kwenye fomu, mbele ya maneno "uthibitisho wa asili ya mababu", karani aliandika kwa mwandiko mzuri: orodha ya vibarua, shamba la kwinini, 1936, imetiwa sahihi na bwana shamba, mzaliwa wa Antwerpen, Ulaya.