Mkuyu wa Fundi Meno

Fundi Meno, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata wenye meno yao kamili, alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kuna bwana mmoja aliyeoa akiwa na meno ya Fundi mdomoni, na mkewe mpaka leo hana habari.

Dirishani, karibu na meza ya kazi, palikuwa na bonsai: mkuyu kamili, wenye shina nene na matawi yake, lakini uliodumazwa katika chungu kifupi hata haukufika kiwiko. Mama yake alimpa mti huo siku alipohitimu ufundi. Nasema mama yake, ingawa watu walisema wa kambo. Mama huyo alipoolewa na baba, Fundi alikuwa bado mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni, na ndugu wa baba wakashauriana mtoto apelekwe kwa shangazi, bibi harusi asianze maisha na mzigo. Bibi harusi akamchukua, akampakata. "Huyu wangu," akasema, na kikao kikaishia hapo. Wahenga walisema mama wa kambo si mama. Nadhani hawakubahatika kukutana na huyu.

Sasa shina lilikuwa limeoza, na aliyeliozesha ni Fundi mwenyewe. Mwaka uliopita aliona tundu shinani, na mkono wa fundi hautulii: akaliziba kwa plasta ya meno, akaisugua hadi ikang'aa. Maji yakajificha nyuma ya plasta, yakaula mti kimyakimya. Asubuhi hiyo alibonyeza gome, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa.

Na Mama alikuwa njiani, anakuja kuwatembelea.

"Nenda kitaluni ukanunue mwingine kama huo," mumewe alimshauri huku akinywa chai. "Upande kwenye chungu kilekile. Macho ya Mama siku hizi hayaoni vizuri, hata mimi ananiita mpangaji. Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Ni kweli, ndiyo kazi yake. Ilianza pale koleo la kung'olea meno lilipomaliza. Maishani mwake hakuwahi kuokoa jino hata moja. Na kukwangua uozo kungeweza kuumaliza mti wenyewe, Mama afike akute chungu na udongo tu. Alikwisha kuchukua mkoba aende kitaluni, amefika mlangoni. Lakini kati ya watu wote duniani, mama yule ndiye wa kuwekewa kitu cha kujifanya? Akarudi, akachukua kisu chake cha kuchongea nta.

Aling'oa plasta. Akakwangua uozo mweusi, laini, akakwangua hadi mwanga ukapenya upande wa pili. "Nimeua," akasema. Kisha, juu kidogo ya tundu, akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani, na tone la utomvu mweupe likachuruzika. Safari hii hakuziba. Aliliacha tundu wazi likauke kwa upepo, akajitupa kitini.

Mama alipofika hakuulizia chai wala wajukuu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapapasa shina, kidole kikaingia tunduni na kutokea upande wa pili.

"Mama, nisamehe," Fundi alisema. "Niliuziba, nikauozesha. Hata sijui kama utapona."

"Kidonda hicho kilikuwapo tangu nilipouchukua. Mwenye kitalu alikuwa anautupa. Akaniambia, mama, mti mbovu wa nini, chagua mzuri. Nikamwambia lete hapa, huu wangu."

Fundi aliushika mkono ule, kidole bado kimo ndani ya mti, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Asante, Mama."

"Ya mti?"

"Na ya mti pia."