Moyo Uliogeuzwa kwa Adabu

Moyo wangu uko upande wa kulia. Nilizaliwa hivyo, na tangu utotoni nimewazoea manesi wanaonisikiliza kushoto, wasisikie cha maana, kisha wakanitazama kama maiti aliyekuja kwa miguu yake. Miaka hii umeanza pia kwenda mrama: unakimbia ovyo, nami naanguka. Mara ya mwisho nilianguka dukani kwangu Zinga, mbele ya mteja ambaye, Mungu amsamehe, alisubiri nizinduke nimalizie kumpimia sukari.

Daktari akasema nitawekewa chini ya ngozi kifaa cha kuushtua moyo kwa umeme ukipotea njia. Ila umeme ukipita kando, nimekwisha. Kwa hiyo kwanza kompyuta ingeunda moyo wa mfano kutokana na picha za kifua changu, wakaujaribu huo badala ya kunijaribu mimi. Nilifurahi. Kompyuta, nilidhani, haimwonei mtu haya.

Tukaenda Dar, mimi na mama. Kijana wa kompyuta alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akatuonyesha ule moyo wa mfano kwenye kioo cha kompyuta. Moyo ulikuwa mwekundu, mzuri kuliko mimi mwenyewe. Umeme ukatoka kwenye kifaa, ukaufunika wote.

"Safi kabisa, dada," akasema.

Moyo ulikuwa kushoto.

Nilipofungua kinywa mama akanifinya paja. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Usimtie aibu mtoto wa watu. Utamwambia daktari baadaye, faragha."

Baadaye, yaani nikishapasuliwa. Niliogopa kufa, lakini pia, na hili linaniudhi hadi leo, niliogopa kumkatiza.

"Baba, huo moyo wa nani?" nikamuuliza kijana. "Wangu uko kulia."

Akakiri. Picha zilimfikia moyo ukiwa kulia, akaamini mpiga picha amezikosea. Basi akazigeuza kimyakimya, mwenzake asije akaitwa kwa wakubwa. "Nilimsitiri tu, dada. Ni mtu mzima, ana familia." Nilipelekwa kwake kwa sababu moyo wangu si wa kawaida, naye kwa wema wake akaufanya wa kawaida.

Akazirudisha picha kama zilivyokuwa, akajaribu tena. Umeme ukapita pembeni, na moyo ukabaki unatetemeka pale kwenye kioo, hauzinduki. Mama akaacha kunifinya. Kijana alihamisha kifaa mara nne, jasho likimtoka, mpaka kilipokaa kulia, umeme ukaupata.

Juma lililofuata daktari alitukuta sote watatu kwenye kompyuta ile ile, mpango wa upasuaji mkononi. "Nani amegundua kwamba kifaa kinapaswa kukaa kulia?"

Kijana akatazama viatu vyake. Mama akanitazama mimi. Nami, na domo langu lote hili, nikasema, "Kijana mwenyewe."

Mama akatabasamu kwa fahari. Daktari akampa kijana mkono na kumsifu kwa umakini wake. Kosa halikutajwa, wala hakuna aliyeambiwa asizigeuze picha za mgonjwa mwingine kama mimi.