Alichokiona Murdina Siku ya Bwana

Murdina Cameron hakuwa mtu wa kutulia. Uji wake wa shayiri aliunywa amesimama, bakuli mkononi, jicho dirishani, na akimaliza huyo, ameshatoka nje kuwakagua kuku waliokwisha kukaguliwa. Siku moja tu ya juma alijikaza akatulia, nayo ni Jumapili. Katika kanisa lao maji ya Jumapili huchotwa Jumamosi, na viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi. Siku ya Bwana ndoo haiguswi. Wageni waliona ni vichekesho. Wenyewe hawakuona cha kuchekesha, na Murdina ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Basi ile Jumapili ya Septemba iliyoharibu mambo, kichwa kilikuwa kinamgonga, akabaki nyumbani. Katika kuhangaika na birika akaipiga ndoo teke, maji yote chini. Alistahimili kiu kadiri alivyoweza. Mwishowe akachungulia huku na huku kama mwizi wa mayai, akaitwaa ndoo na kuteremka hadi Ziwa Ness.

Ndipo akamwona kulungu jike akiogelea kutoka ng'ambo. Shingo ilisimama juu ya maji, mgongo ukizama na kuibuka, na nyuma yake mkondo mrefu umetanda kama kitu kikubwa kinavutwa chini kwa chini. Mnyama akazunguka jiwe la rasi, akapanda nchi kavu karibu kabisa na Murdina, akajikung'uta, akaingia msituni. Murdina akachota maji yake akarudi mbio.

Kilichotokea ni kwamba mdogo wake, Lachlan, alikuwa akirudi kanisani kwa njia ya pwani, upande wa pili wa rasi ile. Aliiona shingo, aliuona mgongo, hakumwona mnyama akitoka majini. Kufika jioni kijiji kizima cha Foyers kilishajua kwamba Lachlan Cameron ameliona dubwana la ziwani.

Wakati ule dubwana ndilo lililokuwa habari ya dunia. Barabara mpya ya ng'ambo ilijaa magari ya watu wa London na kamera zao, na kila hoteli ilikuwa na bingwa wake. Huyu anasema ni sili aliyepotea, yule anasema ni gogo, mwingine anaapa ni mnyama wa kale aliyesahauliwa na gharika. Dukani watu walibishana mpaka mikate inapoa. Habari ya Lachlan ilipotoka gazetini, wakapata jibu rahisi zaidi: Lachlan alikuwa amelewa, tena Jumapili.

Hilo ndilo lililouma. Kazi ya Lachlan ilikuwa kuwaongoza wawindaji milimani, na sifa yake ni kwamba angemtambua kulungu akiwa kilima cha tatu, akakwambia na umri wake. Mwenye msitu wa mawindo akamwambia bila kuzunguka kwamba hawezi kuwakabidhi wageni wenye bunduki kwa mlevi. Ama apate shahidi ambaye Farquhar, mzee wa kanisa, atamkubali, ama atafute kazi kwingine.

Lachlan akawa hali, halali. Alitembea jikoni tangu mlangoni hadi penye moto, akarudi, mpaka Murdina, yeye mwenyewe asiyetulia, akachoka kumtazama.

"Kaa basi, Lachie. Utaitoboa sakafu."

"Nikae vipi, dada, na watu wote wananiita mlevi? Mimi najua nilichokiona. Kulungu nawajua, sili nawajua. Kile si kulungu wala sili."

Murdina akachukua ndoo ya maziwa akatoka. Akikaa kimya, nduguye ni mlevi. Akisema kweli, nduguye ni mwongoza wawindaji asiyemjua kulungu, na huyo nani atamwajiri? Hapo wangemcheka mpaka kaburini. Akakata shauri akiwa anakamua ng'ombe, akaacha ndoo nusu, akatuma watu wamwite Farquhar.

Mzee akaja, akaketi mezani, kofia magotini. Murdina akamweleza alikuwa wapi Jumapili ile, na alikuwa na nini mkononi. Dubwana halikumshughulisha yule mzee hata kidogo. Alichotaka kujua ni ile ndoo.

"Ulichota maji siku ya Bwana, Murdina? Wewe?"

"Nilichota, Bwana Farquhar."

"Na kitu hicho ulikiona?"

"Nilikiona. Lachie hakulewa."

"Kilikuwa nini?"

Lachlan alikuwa amesimama kando ya moto, anamtazama dada yake kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Sijui," akasema Murdina. "Sijapata kuona kitu kama kile."

Farquhar akamzuia asiikaribie meza ya Bwana msimu ule, akaenda kumthibitishia mwenye msitu kwamba mwanamke hawezi kujitia aibu namna hiyo kwa uongo. Lachlan akabaki na kazi yake. Murdina akabaki na dhambi mbili, na watu walijua moja tu.

Tangu hapo Lachlan hakumpa nafasi ya kupumua. Kila jioni ni maswali. Shingo iligeuka? Mgongo ulikuwa mmoja au miwili? Murdina akajibu, akaongeza, akapotea, akaanza kukimbilia kwa kuku hata kabla ya chai.

"Macho je?" Lachlan akamuuliza jioni moja. "Wewe ulikuwa karibu."

Murdina alikuwa amechoka. "Yalikuwa na woga, Lachie. Alitaka kufika nchi kavu tu."

Lachlan akakiweka kikombe chini. Uso ukamwiva, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Kulungu jike?"

"Jike," akasema Murdina.

Hakuuliza tena. Akainuka, akamjazia dada yake chai, hata nyingine ikamwagikia mezani.