Darasa si Gwaride

Nakumbuka vizuri, mwanangu, wiki yangu ya kwanza ya ualimu. Nilikuwa nimelitumikia jeshi miaka kumi na miwili, nikatoka na cheo cha sajini, nikaenda chuo cha ualimu kukaa dawati moja na vijana walioniita mzee. Nikapangiwa shule ya msingi hapahapa Tabora, upande wa Isevya, nifundishe hesabu darasa la sita. Kifua mbele, shati limenyooshwa hadi mstari wa mkono ungekata nyanya.

Darasa langu lilikuwa kimya kuliko yote shuleni. Nikiingia, watoto sitini wanasimama kama mtu mmoja. Anayechelewa anaruka kichurachura hadi kwenye mlingoti wa bendera na kurudi. Nilipita mbele ya madarasa ya wenzangu yenye kelele nikijisifu moyoni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hata wa kunisifu sikumngoja.

Alhamisi akachelewa msichana mmoja, Nyamizi. Nikamrusha kichurachura. Aliporudi anahema, nikamsimamisha ubaoni: robo tatu jumlisha nusu, ngapi? Akashika chaki asiandike kitu. Nikapaza ile sauti ya uwanjani. Chaki ikamdondoka, akatoka mlangoni bila kugeuka. Ijumaa hakuja. Jumatatu hakuja.

Jumatatu hiyo mwalimu mkuu, Mwalimu Kalunde, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliingia akaketi benchi la nyuma kipindi kizima. Watoto walipotoka hakuinuka. Akanionyesha nafasi kando yake.

"Sajini," akasema, "jeshini ulijua kufungua na kufunga bunduki?"

"Ndiyo, mama. Hata macho yakiwa yamefungwa kitambaa."

"Nani alikufundisha?"

Nikamweleza. Alikuwa koplo mmoja mfupi, mtu wa Urambo. Siku tatu nilishindwa. Hakunitukana. Alichuchumaa kando yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu, akawa anasema tu: "Kipande hiki kwanza. Haya, tena."

"Na yule aliyekupigia kelele kwenye kwata, alikufundisha nini?"

"Kusimama wima, mama."

"Basi umetuletea yule wa kelele, koplo wako ukamwacha kambini. Watoto hawa kusimama wanajua. Hesabu ndiyo hawajui. Na mmoja umenipotezea. Kamrudishe."

Mwanangu, nimewahi kukemewa na makanali nikalala vizuri. Maneno ya mama yule nilitembea nayo hadi Ipuli, kwao Nyamizi, na njia nikaiona ndefu.

Nilimkuta mama yake Nyamizi akimenya karanga. Nikamsalimu kwa Kinyamwezi, akaniitikia kwa Kiswahili. Nikajua hapa sijapendwa.

"Binti yangu huchelewa kwa sababu tunamwogesha bibi yake kwanza," akasema. "Hawezi kuinuka. Hakukwambia?"

"Sikumuuliza, mama."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikaomba aitwe, nikamwambia mbele ya mama yake, "Nyamizi, nimekukosea. Nisamehe."

Akavitazama viatu vyangu. "Utanirusha tena, mwalimu?"

"Sitakurusha."

"Na nikikosa hesabu?"

"Tutairudia."

"Mara ngapi?"

"Mpaka uijue."

Kesho yake alikuja. Nikalitoa darasa lote nje tupime uwanja kwa hatua, kama tulivyokuwa tukipima umbali jeshini. Uwanja mzima ni moja, nikawaambia. Haya, tembeeni hesabu. Kelele zikawa nyingi hadi mwalimu jirani akafunga dirisha. Nyamizi akatembea robo tatu, akaongeza nusu, akaupita mwisho wa uwanja na kusimama katikati ya mihogo ya watu. "Moja na robo, mwalimu!" akapiga kelele. "Moja na robo!" Siku ile ndipo nilipokuwa mwalimu, na nikabaki mwalimu hadi nilipostaafu.

Sasa wewe umevua gwanda, umemaliza chuo, umenijia nyumbani kwangu huku Chemchem unauliza kama mwanajeshi anaweza kufundisha. Anaweza, tena sana. Kufika mapema, kujiandaa, kutomwacha mwenzako nyuma: haya nenda nayo, shule zinayahitaji. Sauti ya uwanjani iache getini. Babu zetu wapagazi, waliobeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, hawakumwacha mgeni wa safari atafute njia peke yake, alimfuata mzoefu. Nawe mwezi wa kwanza omba kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mkongwe, hata akiwa na umri wa mdogo wako. Mtoto akichelewa, muulize kabla hujamhukumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hujaubeba, usiseme ni mwepesi. Na ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, hata kwa mtoto. Cheo hakipungui. Changu hakikupungua.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako iwe na subira, akujalie afya na moyo mkunjufu, na watoto wako wakuzoee hadi wakuulize hata maswali usiyojua majibu yake.