Kitanda cha Chini

Mama muuza vitenge alipofika karakanani na kusema anataka kitanda cha chini, kisicho na pembe kali, fundi seremala aliacha kupiga randa. Hakuuliza ni cha nani. Kitanda cha namna hiyo alikitengeneza mara moja tu maishani, na alijiapiza hatakitengeneza tena.

Jamani, kuna mafundi na mafundi. Huyu ana maneno machache na hasira za karibu. Ukimharakisha anakuambia nenda kanunue cha plastiki. Ila kwa bintiye wa pekee alikuwa hana ujanja. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Ndiye aliyepiga msasa na vanishi pale karakanani, huku akiwapigia wateja soga mpaka wanasahau kwamba oda zao zimechelewa.

Kifafa kilimwanza akiwa shule ya msingi. Hapo baba mtu akatangaza vita na kila kitu chenye pembe. Meza, stuli, milango ya kabati, vyote alivichukua akavizungusha kingo. Majirani wakamtania kwamba nyumba yake imekuwa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hakujali. Chiriku alipodai chumba chake mwenyewe, maana jitu zima halilali na mama yake, fundi akamtengenezea kitanda cha kimo cha kiganja kutoka sakafuni, ili hata akibiringika asiumie. Mama mtu alisita, kwa kuwa siku hizo kifafa kilimjia zaidi akiwa usingizini. Fundi akamtoa wasiwasi: aliyekwisha kulala hana pa kuangukia. Wakaridhika. Waliuogopa mchana, usiku wakaushukuru.

Vidonge Chiriku alikuwa akivimeza, isipokuwa siku alizovichoka, kwa sababu vilimfanya asinzie mbele za watu. Hakuna aliyemgombeza sana.

Asubuhi moja hakuamka. Mama yake alimkuta amelala kifudifudi, shuka limejikunja miguuni, hana hata mchubuko. Fundi alipiga magoti akapapasa kitanda kizima, ubavu kwa ubavu, akitafuta mahali palipomuumiza mwanawe. Hakupaona. Msibani watu wakaanza kunong'ona: mara mkono wa mtu, mara sumu, mara mchumba aliyekataliwa. Maneno hayo yalimchoma.

Daktari aliyekuwa akimtibu Chiriku ndiye aliyewakalisha yeye na mkewe akawaeleza. Mtu mwenye kifafa anaweza kufa ghafla, mara nyingi usingizini, kifafa kikishamshika na pumzi au moyo ukasimama. Hawawi wengi, ila wapo. Hatari huzidi kifafa kisipotulia, dawa zikirukwa, na usiku kukiwa hakuna mtu karibu wa kumgeuza ubavu na kumwangalia. Fundi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mlikuwa mnajua miaka yote hii?"

Daktari aliinamisha kichwa, akasema huwa wanaogopa kuwatisha watu.

Basi hilo ndilo lililomkaa fundi kooni sasa, mbele ya muuza vitenge. Akisema, anamtia mama wa watu hofu asiyokuja nayo. Akinyamaza, anamrudisha nyumbani na kitanda na moyo mweupe, vilevile alivyokuwa yeye. Na mama mwenyewe alikuwa akieleza kwa furaha: ni cha kitindamimba wake, amekua, kachoka kulala chumba cha mama, na kifafa chake siku hizi kinamjia usingizini tu, afadhali.

Ile afadhali ndiyo iliyomshinda. Akamvutia stuli, akamkalisha, akamwambia yote, habari za Chiriku na vidonge na shuka, sauti ikimkatika. Akamwambia aende kliniki akaulize, asikubali kupozwa kwa maneno matamu. Kijana asiruke dawa. Usiku asiachwe peke yake. Akaongeza kwamba hata hivyo hakuna mwenye kutoa hakikisho, maana hakutaka kumdanganya.

Muuza vitenge aliinuka amekasirika. Akasema amekuja kutafuta kitanda, hakuja kutafuta msiba, na akaondoka bila kuaga. Fundi alibaki akiitazama ile stuli, akajiona mchawi. Siku zilizofuata hakuweza kazi. Alikuwa akikata ubao na kuuharibu, na akimkaripia kila aliyemsalimia.

Kisha mama yule akarudi, macho yamemvimba. Alikuwa anatoka kliniki. Aliwauliza, akakataa kuondoka mpaka wamjibu, wakamjibu, na dawa za mwanawe zimebadilishwa.

"Fundi, kile kitanda nakitaka," akasema. "Lakini nifanyie viwili. Cha pili changu mimi. Tutalala chumba kimoja, hata akinuna."

Fundi aliitikia, akaenda nyuma ya karakana kuchagua mbao. Zilikuwepo pale ukutani zile zilizobaki alipomaliza kitanda cha Chiriku, alizozihifadhi akidhani iko siku zitafaa. Akazipima kwa macho, kisha akazishika na kulia. Zilitosha kitanda cha pili, na zilikuwa zinatosha tangu siku ile.